Mafaili ya PDF yamejaza Drive yote: mnapunguzaje ukubwa bila kuharibu muhuri na saini?

#1 Karani wa Mezani
Wakuu, habari za muda.

Natunza kumbukumbu za SACCOS ndogo, wanachama wengi ni walimu na wauguzi. Kila mkopo una faili lake: fomu ya maombi, nakala ya kitambulisho cha NIDA, hati ya mshahara, barua za wadhamini wawili na mkataba wenye muhuri wa wakili. Vyote tunaviskani kuwa PDF moja na kupandisha Drive, akaunti ya bure ya GB 15. Sasa imejaa. Imeili nazo zimegoma kuingia, mwanachama akituma hati inamrudia.

Faili moja la kurasa 12 lina MB 31. Nikilizip linashuka hadi MB 30 tu. Nimelipitisha kwenye tovuti moja ya kubana bure, likatoka na MB 2, ila muhuri umekuwa doa la bluu na jina la wakili halisomeki.

Kwa maoni yangu PDF yenyewe ndiyo fomati mbaya ya kutunzia skani, tungebaki na picha za JPEG tungeokoa nafasi. Wenye ujuzi nipeni njia. Natanguliza shukrani.

#2 Fundi_Ubungo
Mkuu, PDF umeionea. Ile ni bahasha tu, uzito uko kwenye kilichotiwa ndani, na ndani ya skani yako hamna kingine ila hizo hizo JPEG.

Piga hesabu. Karatasi ya A4 ukiiskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inakuwa pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama milioni 8.7. Kwa rangi kamili kila pikseli inachukua baiti 3, kwa hiyo ukurasa mmoja ni MB 26 kabla haujabanwa. Kwa kijivu ni MB 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni MB 1.1 hivi. Skana inabana hizo MB 26 kwa JPEG, ndipo inazipakia kwenye PDF. Zip inatafuta vitu vinavyojirudia ili ivifupishe, na JPEG imeshamaliza hiyo kazi, haikuacha cha kufupisha. Ndiyo maana umepata MB moja tu.

Sasa gawa MB 31 kwa kurasa 12: MB 2.6 kwa ukurasa. Hiyo ni rangi kamili, dpi 300 au zaidi, ubora umewekwa juu. Rekebisha skana kwanza, Drive haina kosa.

#3 Bint Mrima
Karani, kabla hujaigusa skana fungua drive.google.com/drive/quota. Pale mafaili yanapangwa kwa ukubwa, utaona nani anakula nafasi. Kwa MB 31 ungehitaji mikopo kama 490 kujaza GB 15. SACCOS yenu ndogo imeshafika huko?

Hizo GB 15 ni za Drive, Gmail na Photos kwa pamoja. Picha zilizopandishwa Photos tangu Juni 1, 2021 zinahesabiwa zote, hata zile za ubora uliopunguzwa ambazo zamani zilikuwa bure. Bakapu ya WhatsApp kwenye Android nayo ilikuwa haihesabiwi, ila baada ya tangazo la mwishoni mwa 2023 imeingizwa. Kama simu ya ofisi imeunganishwa na akaunti hiyo hiyo na iko kwenye magrupu yenye video za harusi na mahubiri, unaweza ukabana PDF mpaka alfajiri na usione tofauti.

Halafu angalia kapu la taka. Ulichofuta kinaendelea kuhesabiwa mpaka kapu limwagwe. Siku hizi linajimwaga baada ya siku 30, lakini wewe huna haja ya kungoja.

Na Gmail: andika kwenye kutafuta `has:attachment larger:10M`. Utakutana na viambatisho ulivyovisahau.

#4 Stoo Kuu
Mnamzungusha bure. Fungua PDF kwa Google Docs, inageuka maandishi, na faili la Docs halihesabiwi kabisa. Unatunza bure milele.

#5 Mzee wa Makumbusho
#4, hiyo ni habari ya zamani, kijana wangu. Tangu hiyo Juni 1, 2021 aliyoitaja Bint Mrima, mafaili mapya ya Docs, Sheets na Slides yanahesabiwa pia. Yasiyohesabiwa ni yale ya kabla ya tarehe hiyo ambayo hayajaguswa tena.

Mimi niko na Gmail tangu enzi ikitoa GB 1. Ilitangazwa Aprili 1, 2004, na watu wengi walidhani ni utani wa siku ya wajinga kwa sababu wengine walikuwa wanatoa MB chache tu. GB 1 ilionekana haiwezi kuisha. Leo simu moja inaimaliza kwa sherehe moja.

#6 Stoo Kuu
Sawa mzee, zinahesabiwa. Lakini faili la maandishi matupu lina KB ngapi? Bado ni bure tu ukilinganisha na MB 31.

#7 Wakili wa Mtaa
Stoo Kuu, mkataba wa mkopo uliogeuzwa maandishi umebaki na nini? Saini imepotea, muhuri umepotea, dole gumba la mdhamini limepotea. Siku mdaiwa akisema "mimi sikusaini", utaleta maandishi uliyoyachapa mwenyewe? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki, ila uzito wa ushahidi unapimwa kwa namna ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na uhakika kwamba haijabadilishwa. Picha ya ukurasa lazima ibaki.

#8 Mwalimu_Kilifi
Hamjambo. Hapa mmeshikilia skani tu, na kwetu shule mzigo ni wa Word. Jarida la shule la kurasa nane lilikuwa MB 64. Mwenzangu alikuwa anapiga picha kwa simu, anaibandika, kisha anavuta kona mpaka iwe ndogo kama stempu. Picha inaonekana ndogo lakini pikseli zote bado ziko mle.

Mtu asiyeamini achukue nakala ya faili la .docx, abadilishe jina liishie na .zip, alifungue. Atakuta folda inaitwa word, ndani yake media, na picha zake zote zimepangwa mle zikiwa nzima. Hata sehemu aliyoikata pembeni iko. Ndiyo maana kuzip .docx hakusaidii pia, yenyewe tayari ni zip tangu Office ya 2007.

Dawa: bonyeza picha, nenda "Compress Pictures", ondoa tiki ya picha hii pekee ili ishike zote, weka tiki ya kufuta sehemu zilizokatwa, chagua 150 ppi. Jarida lilishuka chini ya MB 5 na wazazi hawakuona tofauti yoyote kwenye karatasi.

#9 Nahodha wa Mwanza
Nyie watu mna muda! Lipeni kifurushi cha GB 100, muendelee na kazi. SACCOS inakopesha mamilioni halafu inashindwa kulipia nafasi? Saa za karani nazo ni hela.

#10 Bint Mrima
Nahodha, leo GB 100, kesho GB 200, na faili lenyewe linabaki MB 31. Kulipandisha kwa bando ni MB 31, mjumbe wa kamati akilifungua kwa simu ni MB 31 nyingine. Hilo nalo lipia wewe.

#11 Nahodha wa Mwanza
Wajumbe waje ofisini wasome karatasi. 😀

#12 Karani wa Mezani
Nashukuru wakuu. Nimeangalia kama alivyoelekeza Bint Mrima: bakapu ya WhatsApp GB 3 na kitu, Photos kidogo, kapu la taka GB 1. Zinazobaki karibu zote ni PDF za mikopo, kuna miaka mingi mle. Skana iko kwenye dpi 600 rangi, aliyeifunga aliiacha hivyo akasema "ubora". Kifurushi cha kulipia kinataka kadi ya benki na kikao cha bodi, Nahodha, si uamuzi wangu. Swali langu linabaki kwa mafaili ya nyuma: siwezi kuyaskani upya yote.

#13 Fundi_Ubungo
Kwa ya nyuma tumia Ghostscript, ni programu ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti. Kwenye Linux:

`gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=dogo.pdf kubwa.pdf`

Kwenye Windows badala ya gs andika gswin64c. Hapo kwenye PDFSETTINGS ndipo penye uamuzi: /screen inashusha picha hadi dpi 72, /ebook hadi 150, /printer hadi 300. Tovuti iliyokuharibia muhuri kwa vyovyote ilishuka karibu na /screen. Maandishi madogo ya kwenye duara la muhuri hayawezi kuishi kwenye dpi 72. Anza na /ebook, na kama muhuri bado unasumbua weka /printer. Toka 600 kwenda 300 pikseli zinabaki robo, kwa hiyo hata /printer itakupa nafuu kubwa.

Asiyependa amri afungue PDF kwa LibreOffice Draw, aende kwenye kutoa PDF, achague kiwango cha ubora wa JPEG na apunguze dpi hapo hapo. Kwa faili moja moja inatosha. Kwa mamia utachoka.

#14 Mshenga wa Data
Subirini kwanza. Mnaongelea mihuri, mimi naogopa tarakimu.

Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kuwa mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zinabadilisha namba kwenye skani. Kilichowashtua ni ramani ya nyumba: vyumba vitatu vya mita za mraba 14.13, 17.42 na 21.11, vyote vikatoka vimeandikwa 14.13. Kwenye jedwali la gharama, 6 zikageuka 8. Wala hazikuwa na ukungu. Zilitoka safi, zimenyooka, zinasomeka vizuri, na ni za uongo. Xerox ilibidi itoe masahihisho ya programu.

Chanzo ni mbano wa JBIG2. Unatafuta herufi zinazofanana, unatunza picha ya moja, halafu unaibandika kila mahali penye inayofanana nayo. 6 iliyochakaa ikifanana na 8, inabandikwa 8. Sasa fikiria deni la 6,600,000 kwenye SACCOS. Picha yenye ukungu ningeisamehe, kwa sababu mtu akishindwa kusoma atauliza. Hii haimpi sababu ya kuuliza.

#15 Fundi_Ubungo
Habari ni ya kweli, ila usiihukumu JBIG2 nzima. Ina namna mbili: moja haipotezi kitu, nyingine ndiyo hiyo ya kubadilishana alama zinazofanana. Kosa lilikuwa la namna ya pili. Na Ghostscript niliyompa Karani inabana picha za rangi na kijivu kwa JPEG, haichezi na maumbo ya herufi. JPEG ikizidi inaleta ukungu, haiwezi kukuandikia 8.

#16 Mshenga wa Data
Nakubali. Onyo langu ni kwa mwenye kuona kwenye skana kitufe cha "faili dogo zaidi" akakibonyeza bila kujua kinafanya nini. Ukimaliza kubana, fungua faili, kuza mpaka asilimia 400, soma kiasi cha mkopo na namba ya akaunti ukilinganisha na karatasi.

#17 Wakili wa Mtaa
Naongeza mambo ambayo watu wa kompyuta huyaruka.

Karani, umesema ulipitisha faili kwenye tovuti ya bure. Lile faili lina NIDA ya mwanachama, mshahara wake, saini yake na za wadhamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na SACCOS inayokusanya taarifa hizo inabanwa nayo. Ukizipeleka kwenye seva ya mtu usiyemjua, nje ya nchi, bila mwanachama kujua, una maswali ya kujibu. Hata kama wameandika wanafuta baada ya muda mfupi, wewe huna namna ya kuhakiki.

Pia kuna PDF zilizosainiwa kidijitali, zile zenye cheti ndani. Hizo msiziguse. Ukiibana, faili linaandikwa upya na saini inaonekana batili.

#18 Mkunazini
Assalaam alaykum. Ndugu zangu, sisi wengine skana hatuna, ni simu tu. Mimi naona kinachojaza faili ni kivuli na uchafu wa karatasi. Ukipiga picha hati mezani chini ya taa ya njano, ule weupe si mweupe, una chembechembe kila mahali, na JPEG inajitahidi kuzitunza zote. Washa kichujio cha hati kwenye programu ya kuskani, nyuma panakuwa peupe kabisa, na faili linashuka sana bila kupunguza dpi hata moja. Piga karibu na dirisha mchana, utaona.

Ila chagueni programu. Agosti 2019 Kaspersky waligundua moduli hasidi ndani ya CamScanner ya Android, Google wakaiondoa dukani kwa muda. Ilirudi ikiwa imesafishwa, lakini ni fundisho kwa tunaopiga picha vitambulisho vya watu.

#19 Bint Mrima
Alaykum salaam. Mkunazini, kichujio hicho angalia na muhuri. Wino wa bluu uliofifia kinauchukulia kama uchafu, kinaufuta. Nimeona cheti cha kuzaliwa kilichotoka safi kama kipya na muhuri wa msajili haupo.

Ndiyo maana nasema Karani agawe: kurasa zenye muhuri na saini ziwe rangi, zilizobaki kijivu. Na nyeusi na nyeupe tupu asiiguse kwa mihuri, kwa sababu muhuri uliopigwa juu ya maandishi unachanganyika nayo vinakuwa kitu kimoja cheusi. Ofisi nyingi zikiona hivyo zinasema umeleta fotokopi.

#20 Fundi_Ubungo
Kwa kijivu mnatarajia makubwa mno. Kabla ya kubanwa tofauti ni mara tatu, kweli. Ndani ya JPEG sehemu ya rangi tayari imepunguzwa kuliko sehemu ya mwanga, kwa hiyo ukitoka rangi kwenda kijivu unapata nafuu ya wastani tu. Dpi na kiwango cha ubora ndivyo vinavyobeba. Mimi ningeacha rangi kote, nisimpe karani kazi ya kuchagua ukurasa kwa ukurasa.

#21 Bint Mrima
Fundi, karatasi za kwetu zimekuwa za njano kwa unyevu wa bahari. Rangi yote hiyo ya uzee unaitunza ya nini? Kwenye mafaili yangu kijivu imeshusha karibu nusu.

#22 Fundi_Ubungo
Nusu kwa kijivu peke yake? Lazima na ubora ulibadilika hapo.

#23 Mpare wa Usangi
Mmesahau kitu. Kuna PDF zinazonenepa bila skani. Ukifungua PDF, ukafuta ukurasa, ukaongeza maoni, ukahifadhi, programu nyingi hazifuti kitu. Zinaongeza mabadiliko mwishoni mwa faili na ya zamani yanabaki chini. Faili limehaririwa mara nyingi linabeba historia yake yote, hata ukurasa uliodhani umeufuta. Tumia programu ya qpdf:

`qpdf --object-streams=generate kubwa.pdf dogo.pdf`

Inalipanga upya bila kugusa ubora wa picha. Kwa skani tupu hutapata nafuu kubwa, lakini kwa mafaili ya kuhariri nimeona ikipungua zaidi ya theluthi.

Na Drive yenyewe inatunza matoleo ya nyuma. Karani akipandisha faili dogo kwa jina lile lile kama toleo jipya, lile la MB 31 linakaa mle na kuhesabiwa mpaka siku 30 zipite au alifute mwenyewe kwenye orodha ya matoleo. Asije akashangaa kuona nafasi haijarudi.

#24 Stoo Kuu
Si muhifadhi kama PDF/A? Ile ya kumbukumbu za muda mrefu. Nasikia ni ndogo.

#25 Mzee wa Makumbusho
Hapana. PDF/A ni kiwango cha ISO 19005, cha 2005, na lengo lake ni faili lisomeke miaka mingi ijayo. Inalazimisha fonti zote ziwemo ndani, kwa hiyo mara nyingi linaongezeka. Ni nzuri kwa kumbukumbu, kwa kuokoa nafasi si yake.

#26 Nahodha wa Mwanza
Basi nunueni hard disk ya TB 1, mtupe yote humo. Hii mmeikosoaje?

#27 Mkunazini
Rahisi ghali, Nahodha. Ikianguka mezani siku moja, kumbukumbu zote zimekwenda nayo. Hard disk iwe nakala ya pili, isiwe ya pekee.

#28 Karani wa Mezani
Wakuu, nimeanza. Nimetoa nakala ya mafaili yote makubwa kwenye hard disk, kisha nikapitisha folda moja kwa /ebook. Lile la MB 31 limekuwa MB 3.4. Kiasi cha mkopo na namba za akaunti zinasomeka vizuri kwa asilimia 400 kama alivyosema Mshenga. Muhuri mkubwa wa SACCOS uko sawa. Muhuri mdogo wa wakili, ule wa duara, jina linasomeka, lakini namba ya sanduku la posta inataka kukisia. Kwa /printer inasomeka yote, faili MB 9.

Skana nimeishusha dpi 300. Bakapu ya WhatsApp nimehamishia akaunti nyingine. Imeili zimeanza kuingia.

#29 Wakili wa Mtaa
Chukua hiyo ya MB 9 kwa mikataba, hiyo ya 3.4 kwa viambatisho vingine. Kitu cha kukisia kwenye mkataba usikitunze. Na karatasi zenye saini halisi zisichomwe kwa sababu tu skani ipo.

#30 Fundi_Ubungo
Mikataba mingi ina ukurasa mmoja tu wenye muhuri, Wakili. Akitoa ukurasa huo kwa 300 na zingine kwa 150, faili zima halifiki MB 5.

#31 Bint Mrima
Kwa hiyo sasa unakubali kuchagua ukurasa kwa ukurasa?

#32 Mwalimu_Kilifi
😂 Fundi amenaswa.

#33 Asha wa Hesabu
Samahani kuingilia. Na Excel je? Nina jedwali la michango lenye safu mia nne tu, lina MB 22, picha hamna.

#34 Mpare wa Usangi
Asha, fungua kila laha, bonyeza Ctrl na End. Kiteuzi kikiruka hadi safu ya laki ngapi huko chini, kuna mtu alipaka rangi au mipaka kwenye laha nzima, na Excel inatunza hizo seli tupu zote. Chagua safu kuanzia chini ya data yako hadi mwisho, zifute kabisa kwa "Delete" ya menyu maana kitufe cha kwenye kibodi kinaondoa maandishi tu, kisha hifadhi. Ikibaki nzito, ihifadhi kama .xlsb, mara nyingi ni ndogo kuliko .xlsx. Tuambie Ctrl na End imekupeleka wapi.

#35 Asha wa Hesabu
Imenipeleka safu ya 1,048,576!